Mti wa Kwale Uliokwenda Maabara

Vilima vya Shimba huko Kwale, kusini mwa Mombasa, vinajulikana zaidi kwa palahala. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo swala huyo mweusi, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni, bado anaishi porini. Watalii hupanda kutoka Diani kuja kumtazama, huteremka hadi maporomoko ya Sheldrick, kisha hurudi ufukweni. Ni wachache wanaoelezwa kwamba katika miaka ya 1970 msitu huo ulitafutwa kwa sababu nyingine kabisa. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji mti mmoja, Maytenus buchananii, na iliuhitaji kwa tani. Maandishi ya uhifadhi yanataja kilo 27,215 zilizovunwa Shimba kwa ajili ya maabara za huko.

Mti wenyewe hauna makuu. Ni mti mdogo wa porini wa jamaa ya Celastraceae, ukoo mmoja na miraa inayotafunwa Mombasa na Nairobi kila alasiri, ila huu hautafunwi na mtu. Siku hizi wanabotania wameuhamisha kundi na kuuita Gymnosporia. Kilichoufanya uvuke bahari ni kemikali iliyomo ndani yake kwa kiasi kidogo mno, ambayo seli ya saratani ikikutana nayo hushindwa kugawanyika, ikafa.

Kisa kinaanzia mbali na Kwale. Mwaka 1960 taasisi hiyo ya saratani iliingia ubia na Idara ya Kilimo ya Marekani: wanabotania wa kilimo wakusanye mimea kila pembe ya dunia, wataalamu wa saratani waipime. Upande wa saratani kazi ilikuwa chini ya Jonathan Hartwell, mwanakemia aliyetumia miaka mingi kukusanya taarifa za mimea ambayo watu wa kale na wa sasa waliwahi kuitumia dhidi ya uvimbe. Hamu ya kutafuta dawa porini ilikuwa juu wakati huo, na kulikuwa na sababu. Miaka michache kabla, Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walikuwa wakichunguza majani ya ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ua lile lile linalopandwa nyuani kwa watu pwani nzima, wakitarajia kupata dawa ya kisukari. Kisukari hakikutikisika. Lakini panya waliodungwa maji ya majani hayo walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Kutoka hapo ikapatikana vinblastini, na baadaye kampuni ya Eli Lilly ikatoa ndugu yake, vinkristini, ambayo mpaka leo inatumika kutibu watoto wenye saratani ya damu na wale wenye uvimbe wa Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt alikuwa akiuchunguza Mulago, Kampala, wakati huo huo.

Mpango wa Marekani ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na dondoo za mimea zilizopimwa zilipita 100,000. Njia yake ilikuwa kubahatisha kwa makusudi. Hakuna aliyesubiri mganga amwambie mti gani unatibu nini. Mkusanyaji alikata alichokikuta, akakausha majani huku, magome kule, mizizi na matunda kwenye mifuko yake, akaandika lebo, akatuma. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikuzaa kitu. Iliyozaa ilizaa kweli: gome la mti mmoja wa jimbo la Washington, lililokusanywa mwaka 1962, liliwapa Monroe Wall na Mansukh Wani kemikali ya paklitakseli, dawa ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti na ya mfuko wa mayai wanaifahamu kwa jina la Taxol.

Mmoja wa wakusanyaji hao alikuwa Robert Perdue, mwanabotania wa Idara ya Kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Ethiopia, na miongoni mwa alivyovituma nyumbani yalikuwamo matunda ya mti uliotajwa katika ripoti za kwanza kama Maytenus ovatus. Dondoo yake ilipoingizwa maabara, iliua seli.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana neno “iliua seli” limewapoteza wengi. Kipimo cha siku hizo kilikuwa rahisi. Katika chupa kulikuwa na seli za saratani za binadamu zilizofugwa kwa maji ya virutubisho. Linatiwa mle tone la dondoo, mtaalamu anasubiri siku kadhaa, kisha anapima zimeongezeka kiasi gani zikilinganishwa na chupa isiyotiwa kitu. Kama ukuaji umepungua kwa nusu kwa dozi ndogo sana, dondoo inapita. Baada ya chupa hufuata panya waliopandikizwa saratani ya damu: wanapewa dawa, na siku zao za kuishi zinahesabiwa.

Seli za chupa hiyo zina kisa chao. Ziliitwa KB, na wote waliamini zimetoka katika uvimbe wa saratani ya mdomo na koo la mgonjwa mmoja. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba KB zilikuwa zimevamiwa kitambo na seli za HeLa, yaani seli zilizotolewa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kwa mwanamke mweusi Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ridhaa. Lacks alikufa mwaka huo huo. Seli zake hazikufa, zikasambaa maabara za dunia na kuingia hata katika chupa zisizokuwa zao. Kwa hiyo mti wa Ethiopia ulipimwa, bila wapimaji kujua, kwa mwili wa mwanamke ambaye hakuwahi kuulizwa.

Kazi ya kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya dondoo kinachoua iliangukia kwa Morris Kupchan, mwanakemia wa New York aliyefundisha Wisconsin kisha Chuo Kikuu cha Virginia. Kupchan hakuwa na njia ya mkato. Dondoo ya mmea ina mamia ya kemikali zilizochanganyika, na nyingi hazina kazi. Alikuwa anaigawa kwa viyeyusho mafungu mawili, anapeleka yote mawili kwenye seli za KB, fungu lisiloua anaachana nalo, lile linaloua analigawa tena. Kisha tena. Kila hatua mzigo unapungua na makali yanaongezeka, mpaka mwishoni kwenye chupa kunabaki vumbi jeupe lisilojaza ncha ya kisu. Kwa matunda yale ya Ethiopia kilichopatikana kilikuwa sehemu ndogo tu ya miligramu kwa kila kilo. Kujua umbo la molekuli, timu yake iliibandika atomi ya bromini, ikaifanya fuwele na kuipiga picha kwa eksirei. Mwaka 1972 waliitangaza katika jarida la Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Waliiita maytansini.

Wanasayansi walishangazwa na nguvu zake. Katika chupa, maytansini ilizuia seli za saratani kwa dozi ndogo mara mia, na kwa baadhi ya seli mara elfu, kuliko dawa zilizokuwa zikitumika hospitalini. Namna inavyofanya kazi ilieleweka upesi. Seli inapotaka kugawanyika, huanza kwa kuzidisha kromosomu zake, kisha huunda nyuzi za protini iitwayo tubulini kutoka pande mbili. Nyuzi hizo hushika kromosomu na kuzivuta, kama wavuvi wa juya wanavyovuta kamba mbili pwani, kila kundi upande wake. Maytansini hujipachika kwenye tubulini na kuizuia isiungane. Kamba hazisokotwi. Kromosomu zinabaki katikati, seli imekwama nusu ya njia, na baada ya muda inajiua. Vinblastini hufanya karibu hivyo hivyo. Taxol ni kinyume chake, kama Susan Horwitz wa New York alivyoonyesha mwaka 1979: yenyewe hukaza nyuzi zisifumuke, na matokeo ni yale yale.

Ili dawa ijaribiwe kwa watu zinahitajika gramu, si vumbi la ncha ya kisu. Basi wanabotania wakarudi Afrika Mashariki kutafuta ndugu za mti ule wenye maytansini nyingi zaidi. Maytenus buchananii wa Shimba ulikuwa nayo miligramu moja au mbili hivi katika kila kilo. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: tani 27 zote zikichemshwa bila kupotea tone, haziwezi kutoa zaidi ya makumi machache ya gramu. Kiasi hicho kilitosha, kwa kuwa dozi ya mgonjwa ilikuwa miligramu chache tu. Lakini msituni miti haihesabiwi kwa miligramu. Katika maandishi yale yale ya uhifadhi imeelezwa kwamba miti yote mikubwa ya aina hiyo mahali palipovunwa iliondolewa, na miaka minne baadaye, mzigo mwingine ulipohitajika, machipukizi yalikuwa machache kiasi kwamba wavunaji walihangaika kuujaza.

Kuna simulizi inayopendwa sana na waandishi wa mambo ya dawa za asili: kwamba Wamarekani waliongozwa hadi mti huo na Wadigo wa Shimba, waliokuwa wakiutumia tangu zamani kwa magonjwa yanayofanana na saratani. Ni simulizi tamu, na hakuna haja ya kukana kwamba waganga wa Kidigo wanaujua msitu wao. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya jamii wanamojumuishwa Wadigo, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, ni ushahidi wa kutosha wa jinsi watu hawa walivyoishi na miti. Lakini mfuatano wa matukio hauibebi. Maytansini ilianza na matunda ya Ethiopia yaliyookotwa kwa kubahatisha, ikapewa jina mwaka 1972, na Shimba ilifuata kwa sababu wanabotania walikuwa wanafuata ukoo wa mti. Wanaoitumia simulizi hiyo kudai haki ya Wadigo wanajidhoofisha wenyewe, kwa sababu wanajenga dai juu ya jambo ambalo mpinzani anaweza kulivunja kwa tarehe tu.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza katikati ya miaka ya 1970. Kupchan mwenyewe alifariki mwaka 1976, hakuona mwisho wake. Mamia ya wagonjwa wenye saratani za aina mbalimbali, nyingi zikiwa zimeshindikana, walidungwa maytansini. Walitapika, wakaharisha, wakaishiwa nguvu, na baadhi mishipa ya fahamu ikaathirika. Uvimbe uliosinyaa ulikuwa wa kuhesabu. Tatizo lilikuwa ile nguvu yenyewe iliyowafurahisha watu maabara: nyuzi za tubulini zimo katika kila seli ya mwili, na maytansini haikuweza kutofautisha seli ya uvimbe na seli ya utumbo. Dozi ya kuua saratani ilikuwa karibu mno na dozi ya kumwumiza mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando.

Wasomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki wanakutana kila mara na habari kwamba jani fulani, au mzizi, au mbegu ya tunda “imeua saratani maabara”. Nyingi ni za kweli kwa maana finyu: kitu kimetiwa katika chupa na seli zimekufa. Sabuni pia huziua. Maytansini ilipita chupa kwa alama ambazo mitishamba inayouzwa vituo vya basi haiwezi kuziota, ikapita panya, kisha ikaanguka ilipofika kwa binadamu.

Miti ilipokuwa ikikosekana Shimba, jibu la upungufu lilikuwa tayari limepatikana upande wa pili wa dunia. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda nchini Japani walitangaza kwamba bakteria waliowatoa kwenye majani ya jamii ya ndago walikuwa wanatengeneza kemikali zinazofanana mno na maytansini. Waliziita ansamitosini. Bakteria huyo, Actinosynnema pretiosum, anafugwa kwenye matangi, analishwa, anatoa mzigo. Hakuna haja ya shoka wala meli. Jambo hilo lilizua swali gumu. Iweje mti wa Afrika na bakteria wa Japani wafume molekuli moja yenye utata kiasi hicho, kila mmoja kivyake? Wataalamu walianza kushuku kwamba huenda mti hautengenezi chochote. Miaka ya 2010 watafiti wa Ujerumani walichunguza Putterlickia, binamu wa Maytenus anayeota Afrika Kusini, na kukuta kwamba wanaoitengeneza maytansini ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya mizizi.

Kilichobaki ni tatizo la kulenga. Huko Massachusetts, kampuni ndogo ya ImmunoGen ilikuwa na wazo la kuibandika sumu kali kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga inayotambua alama moja tu na kuishika. Kingamwili izunguke mwilini, ifike kwenye seli yenye alama ya saratani, iingie nayo ndani, sumu iachiwe huko. Kwa kazi hiyo dawa dhaifu haifai, kwa kuwa molekuli zinazofika ndani ya seli ni chache. Maytansini, iliyokataliwa kwa kuzidi ukali, ilikuwa na kasoro inayohitajika. Mwaka 1992 Ravi Chari na wenzake walichapisha matokeo ya maytansini walizozirekebisha kwa kuongeza kishikio cha salfa, ili ziweze kufungwa kwenye kingamwili. Moja kati ya hizo ikaitwa DM1, na malighafi yake ilikuwa ansamitosini ya bakteria.

Kingamwili iliyoifaa zaidi ilikuwa trastuzumabu, inayojulikana kwa jina la Herceptin, ambayo tangu mwaka 1998 ilikuwa ikitumika kwa saratani ya matiti yenye protini nyingi ya HER2. Kampuni ya Genentech iliunganisha hizo mbili; kwa wastani kila kingamwili moja hubeba molekuli tatu na nusu za DM1. Katika jaribio la wagonjwa 991 lililochapishwa mwaka 2012, wanawake waliopewa mchanganyiko huo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 30.9, na wale waliopewa dawa za kawaida za wakati huo miezi 25.1, tena madhara makali yalikuwa machache kwa kundi la kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Februari 2013 kwa jina la Kadcyla. Kutoka tangazo la Kupchan hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 41. Jaribio jingine, la wagonjwa 1,486 ambao uvimbe wao haukuwa umesafishwa kabisa na dawa za kabla ya upasuaji, lilionyesha mwaka 2018 kwamba hatari ya ugonjwa kurudi au kuua ilipungua kwa nusu. Mwaka 2022 dawa yenye ndugu ya DM1, iitwayo DM4, iliidhinishwa kwa saratani ya mfuko wa mayai, na mwaka 2024 kampuni ya AbbVie iliinunua ImmunoGen kwa dola bilioni 10.1.

Kwale haikupata senti. Wala hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Miaka ya 1970 mimea ya porini ilihesabiwa kuwa mali ya binadamu wote, maana yake halisi ikiwa mali ya mwenye maabara. Mkataba wa kwanza wa dunia uliotamka kwamba nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake, na kwamba faida igawanywe kwa haki, matini yake yalikubaliwa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, wiki mbili kabla ya kupelekwa Rio kutiwa saini. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2006, zinazomtaka mtafiti apate kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, na ridhaa ya wenyeji kabla ya kuchukua hata kijiti. Itifaki ya Nagoya, inayofafanua ugawaji wa faida, ilianza kutumika Oktoba 2014. Vyote hivi vilikuja magogo yameshasagwa.

Hata vingekuwapo mapema, mwanasheria wa kampuni angejitetea kwa urahisi: DM1 ya leo inatoka kwa bakteria, aliyegundua maytansini mara ya kwanza aliitoa kwenye matunda ya Ethiopia, na mti wa Shimba ulitumika kwa majaribio yaliyoshindwa. Kila sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Lakini ni majaribio hayo yaliyoshindwa yaliyowaonyesha wataalamu kwamba maytansini haifai kuzunguka mwilini peke yake, na bila ujuzi huo asingekuwapo mtu wa kuifunga kwenye kingamwili. Ujuzi huo ulilipiwa na wagonjwa waliotapika katika wodi za Marekani na kwa miti ya Kwale ambayo iliota tena kwa shida.

Dai la fedha la Kwale, basi, ni dhaifu. Dai la kutajwa lina nguvu, na halihitaji mahakama. Vitabu vya biolojia vya sekondari vya Kenya vinafundisha mgawanyiko wa seli, na wanafunzi wa Kwale, Kinango na Msambweni huchora zile nyuzi zinazovuta kromosomu na kukariri hatua zake kwa ajili ya mtihani. Waandishi wa vitabu hivyo wangewafanyia jambo jema watoto hao wakiongeza aya moja: kwamba moja ya kemikali kali zaidi zinazojulikana kwa kuzuia nyuzi hizo zisiundwe ilitafutwa kwenye mti unaoota vilima vya Shimba, na kwamba dawa iliyotokana na ukoo wa kemikali hiyo inadungwa leo katika hospitali za saratani za Ulaya na Marekani. Jina la mti liandikwe kamili, na la mahali pia.